Ukurasa wa Sitini na Moja

Nilitaka karatasi moja. Watu wakisikia mjane anadai, wanadhani anataka gari. Mimi nilitaka barua, ukurasa mmoja, wenye mhuri, unaosema kwamba mume wangu alifia kazini, ndani ya kiwanda cha kuchambua pamba, pale Bunda, asubuhi ya siku ya kazi. Basi. Kwa barua hiyo ofisi ya fidia ingefungua faili la mtoto wangu. Bila barua ya mwajiri hakuna faili, na bila faili wanakwambia pole halafu wanaita anayefuata.

Nilizungushwa mwaka mzima na zaidi. Kiwandani waliniambia, "Dada, huyo hakuwa mtu wetu. Alikuwa mtu wa wakala." Wakala ndiye alikuwaga anapanga vibarua getini kila asubuhi na kuwaandika kwenye kaunta buku. Nikaenda kwa wakala. Akafungua buku lake mbele yangu, akalamba kidole, akageuza mpaka tarehe ile. Majina yalikuwa thelathini na kitu. La mume wangu halikuwepo.

"Alichelewa siku hiyo," akasema. "Sikumwandika. Sijui aliingiaje."

Nilimwambia ni mwongo. Nilimwambia na mambo mengine ambayo siyaandiki hapa, kwa sababu mama mkwe wangu atasomewa.

Mume wangu alikuwa mtu wa mashine ya kufunga marobota. Pamba ikishachambuliwa inaingia pale, inakandamizwa, inatoka robota zito limekazwa waya. Ulikuwa msimu wake wa tatu kwenye mashine hiyo hiyo, na kila msimu alikuwa kibarua wa siku moja moja. Jioni alirudi nyumbani amezeeka: nyusi nyeupe, ndevu nyeupe, kichwa cheupe, yote ni pamba. Mtoto wetu alimpanda mapajani na kumtoa manyoya yale moja moja, anayakusanya kwenye kifuniko cha ndoo. "Baba, leo umekuwa babu." Kila siku maneno hayo hayo, na kila siku baba yake anacheka kama ndiyo mara ya kwanza kuyasikia.

Siku ile mashine ilikwama. Akaingia kuikwamua. Mtu akaiwasha. Zaidi ya hapo sijui, na waliokuwepo wamenyamaza kwa sababu wanataka kazi msimu ujao. Siwalaumu. Nawalaumu kidogo.

Tulimzika kwao, Butiama. Kiwanda kilileta jeneza, magunia mawili ya mahindi, katoni ya sukari, na bwana mmoja wa shati jeupe ambaye alipewa nafasi ya kusema. Alisema, "Tumempoteza mwenzetu." Nilikuwa nimekaa chini na wanawake, kichwa nimefunikwa kanga, lakini nilisikia vizuri. Mwenzetu. Baada ya miezi minne, nilipodai barua yangu kwa maandishi, mwenzetu huyo huyo akawa mtu wasiyemjua. Walinijibu kwa mistari mitatu: kiwanda hakina uhusiano wowote wa ajira na marehemu, wala na familia yake. Mhuri ulikuwepo. Hiyo ndiyo karatasi pekee niliyowahi kupewa.

Niliiweka kwenye faili la plastiki, nikahama Bunda, nikapata kazi Musoma kwenye duka la kuchapa na kufotokopi, karibu na maofisi. Naiita kazi, lakini ni mashine mbili, kompyuta moja na benchi. Nachapa barua za watu, nabana vitabu, nalipwa kwa ukurasa.

Hapo ndipo mashindano yaliponikuta.

Alikuja mama mmoja wa miwani, katibu wa mashindano, kufotokopi fomu. Kila mwaka, alivyonieleza, wanakusanya taarifa za mwaka za makampuni na vyama vya ushirika vya mkoani, wanazishindanisha: nani ameeleza vizuri zaidi alichokifanya, fedha zilivyoingia, zilivyotoka, matatizo aliyoyapata. Mshindi anapewa ngao. Majaji ni watatu. Wawili ni watu wa hesabu, na wa tatu kanuni inataka awe msomaji wa kawaida, asiye mhasibu, wa kusema kama kitabu kinaeleweka au hakieleweki. Msomaji wao wa mwaka huo alikuwa mwalimu, amepata uhamisho ghafla.

"Wewe umefika kidato cha nne?" akaniuliza, huku anahesabu fomu zake.

"Nimemaliza. Na nimefaulu."

"Hesabu za makampuni unazijua?"

"Sizijui."

"Safi sana. Keshokutwa saa mbili, hotelini kule ufukweni. Posho ipo na chakula kipo."

Nilimwacha mtoto kwa jirani, nikavaa gauni langu la kanisani, nikaenda.

Kabla ya kuonyeshwa hata kitabu kimoja tulipewa fomu ya kusaini. Juu ilikuwa orodha ya washiriki, chini maneno: sina undugu, ajira wala maslahi yoyote kwa mshiriki yeyote hapo juu. Nikasoma orodha. Kiwanda kilikuwa namba sita.

Kalamu ilisimama. Sitadanganya kwamba sikufikiri. Nilifikiri. Nikakumbuka ile barua kwenye faili: hakina uhusiano wowote na marehemu, wala na familia yake. Wenyewe wamesema, wamepiga mhuri. Sasa mimi ni nani wa kuwabishia? Nikasaini. Nusu ya mkono ilisaini kwa kuiamini ile barua, na nusu nyingine kwa hasira. Mpaka leo sijui ni nusu ipi iliyoandika jina langu vizuri hivyo.

Jaji mkuu alikuwa mzee, mhasibu mstaafu, shati la mikono mirefu limefungwa mpaka kifungo cha juu, na mwandiko ambao sijawahi kuuona kwa mtu anayeishi: kila herufi imelala upande mmoja kama mpunga. Mwenzake alikuwa dada mkaguzi wa hesabu, mdogo kuliko nilivyotegemea, mwenye mdomo. Ziwa lilikuwa pale pale nje, upepo unaingia kwa madirisha, na siku nzima tulikuwa tunabana karatasi zetu kwa sahani.

Nilianza kusoma kitabu cha kwanza kuanzia ukurasa wa kwanza. Mzee akaniangalia juu ya miwani.

"Binti, unasoma kama gazeti."

"Nisomeje, mzee?"

"Anza nyuma. Kwenye yale maelezo ya hesabu, yale ya herufi kama siafu. Mbele mwenye nyumba anakukaribisha sebuleni, makochi yana vitambaa. Nyuma ndiyo jikoni. Mbele wanaandika wanachopenda, nyuma wanaandika wanacholazimishwa."

"Ndiyo maana mzee akialikwa kwa watu hakai," dada mkaguzi akadakia. "Anaendaga moja kwa moja jikoni."

"Na wewe ningekukuta huko unafunua sufuria."

Tukacheka. Nilicheka kwa sauti, nikajishtukia, maana ulikuwa umepita muda sijacheka.

Nikaanza nyuma. Chama kimoja cha kukopeshana kilikuwa na picha ya jengo lao jipya mbele, viongozi wamekata utepe, kila mtu meno nje. Nyuma, kwenye maelezo madogo, nikakuta jengo lile lile limewekwa rehani. Nilisoma mara mbili, nikampelekea mzee kidole kikiwa bado kwenye mstari. Akasoma, akanipiga begani.

"Huyu tulipaswa kumpata zamani," akamwambia dada mkaguzi. "Anaona."

Siku ile nilirudi nyumbani nikitembea kama mtu mwenye kazi. Nilimnunulia mtoto sato mzima, sio kichwa na mkia. Nikamwambia mama yako ni jaji. Akauliza jaji anafanya nini. Nikamwambia anasoma kitabu halafu anasema kama kina ukweli.

Siku ya pili asubuhi tukafika namba sita, kitabu cha mwisho.

Kilikuwa kizuri kuliko vyote. Karatasi nene, inateleza, jalada lina viganja viwili vimeshika pamba nyeupe. Nikakigeuza, nikaanza nyuma kama nilivyofundishwa. Ukurasa wa sitini na nne, sitini na tatu, sitini na mbili. Ukurasa wa sitini na moja, chini kabisa, maelezo namba ishirini na mbili:

Matengenezo ya mashine ya kufunga marobota Na. 2, pamoja na gharama zinazohusiana na tukio (mtu wa tatu).

Mbele yake kiasi. Kiasi kimoja. Hawakutenganisha. Vipuri, fundi, jeneza, magunia mawili ya mahindi, katoni ya sukari, vyote vimetiwa kwenye kapu moja, na hakuna wa kujua bolti zinaishia wapi na mume wangu anaanzia wapi.

Sikulia. Nilisoma tena. Mashine imetajwa kwa kazi yake na kwa namba yake. Yeye ni mtu wa tatu, yaani mtu wa nje, tena ndani ya mabano.

Halafu nikaenda mbele, sebuleni. Ukurasa wa tisa palikuwa na picha ya wafanyakazi wamevaa kofia ngumu za njano na glovu. Mume wangu hakuwahi kuwa na kofia ile. Alikuwa anajifunga kipande cha kitenge changu kichwani, na kipande hicho walinirudishia kwenye mfuko wa rambo. Chini ya picha wameandika kwamba mwaka huo kiwanda kilifanya shughuli zake bila ajali yoyote iliyosababisha kifo cha mfanyakazi.

Kwenye karatasi yangu ya alama, kwenye kipengele cha uwazi, chenye pointi ishirini, nikaandika mbili. Hizo mbili ni za mashine. Waliitaja.

Utaratibu ulikuwa kila jaji anasoma alama zake kwa sauti na kujieleza, halafu tunajumlisha na kutafuta wastani. Dada mkaguzi akaanza.

"Kumi na nane. Hiki ndicho cha kushindana. Maelezo yamejaa, kila namba ina sababu. Hata tukio lililotokea kwenye mashine wamelitaja, na wengine wangelificha kabisa."

Mzee alisema kumi na saba. Nikasema mbili.

"Mbili?" dada mkaguzi akageuka. "Wewe wamekunyima nini?"

Nikafungua kitabu. Nilisema taratibu, maana nilikuwa nimejiandaa. Nikasema ukurasa wa tisa wanasema hakuna aliyekufa. Ukurasa wa sitini na moja wanalipia tukio lenye mtu. Msomaji wa kawaida akisoma kurasa zote mbili, haelewi huyo mtu alipatwa na nini, na kazi yangu hapa ni kusema kama naelewa.

Mzee akanyanyuka kidogo kwenye kiti. Alifurahi, namwona mpaka leo. Akavuta kitabu chake, akaweka kidole ukurasa wa tisa na kidole kingine sitini na moja.

"Ameona! Mbele na nyuma haviongei. Mimi nimepita hapa sikuona, na miaka yote hii." Akachukua ufutio. Nilimwona kwa macho yangu akielekeza ufutio kwenye ile kumi na saba.

"Subiri, mzee," dada mkaguzi akasema. "Haviongei vipi? Tukio linaweza kuwa mtu kavunjika mkono. Kaumia mpita njia. Ukurasa wa tisa unasema kifo cha mfanyakazi. Hapa hapajaandikwa kifo. Tunahukumu kilichoandikwa, hatuhukumu tunachokisia."

Mzee akasimamisha ufutio. Akasoma tena ule mstari, midomo inacheza. Akaniuliza kwa upole, kama mwalimu anayetaka mwanafunzi wake apate:

"Binti, umejuaje kuwa tukio ni kifo? Nionyeshe kwenye kitabu."

Nikaangalia kitabu. Kulikuwa na kurasa sitini na nne, na kwenye hizo zote hakuna hata moja ambapo ningeweza kuweka kidole. Ningenyamaza, mbili yangu ingebaki, wastani ungeshuka, kingepoteza. Nilijua hilo. Hesabu hiyo hata mimi nilikuwa naiweza. Lakini mzee alikuwa ananisubiri, ufutio mkononi, na nikadhani nikisema ukweli mbele ya watu wawili ambao kazi yao ni kutafuta ukweli, basi kwa mara ya kwanza mahali fulani utaandikwa.

"Ni mume wangu," nikasema.

Upepo ulirusha karatasi ya dada mkaguzi mpaka chini na hakuiokota.

"Alifia kwenye hiyo mashine namba mbili. Mimi ndiye niliyemwosha nywele, zilikuwa zimejaa pamba."

"Pole," dada mkaguzi akasema, na alimaanisha. Halafu akasema, "Mzee, fomu."

Mzee akafungua faili lake polepole. Akaitoa ile fomu yangu ya jana. Akaiangalia saini yangu muda mrefu.

"Ulisaini kuwa huna uhusiano na mshiriki yeyote."

Nilikuwa nimekuja na faili langu la plastiki, naendaga nalo kila mahali kama wengine wanavyobeba rozari. Nikaitoa barua yao, nikaiweka juu ya kitabu chao.

"Soma, mzee. Kiwanda hakina uhusiano na marehemu wala na familia yake. Mhuri huo. Kama wanasema kweli, mimi sina uhusiano nao, fomu yangu ni halali na mbili yangu inabaki. Kama nina uhusiano, basi mume wangu alikuwa mtu wao, barua ni ya uongo na ukurasa wa tisa ni wa uongo. Chagua moja. Yoyote. Nitaikubali yoyote."

Sauti yangu ilikuwa imepanda. Mhudumu aliyekuwa anapanga vikombe alitoka nje.

Mzee alisoma barua mpaka mwisho. Akavua miwani, akafuta macho kwa kidole gumba na kidole cha shahada, sijui kama ni jasho.

"Binti," akasema, "unayosema ni kweli. Na siwezi kuyatumia. Barua hii haimo kwenye kitabu. Wewe mwenyewe humo kwenye kitabu. Na sasa nikijua nilichokijua, siwezi kukuacha uhukumu kitabu hiki. Waandaaji wakijua, matokeo yote yatafutwa, ya washiriki wote."

"Yafutwe!"

"Siwezi."

Akapiga mstari kwenye mbili yangu, kwa rula. Nakumbuka rula. Ile kumi na saba yake hakuifuta, kwa sababu sasa kile alichokuwa anakijua alikuwa amekijua kutoka nje ya kitabu. Wastani ukatafutwa kwa majaji wawili. Sikuwa nimeketi tena, lakini niliona namba. Kama ningefunga mdomo, kingeshika nafasi ya nne au ya tano. Kwa kuwa nilisema, kikawa cha kwanza.

Mlangoni mzee alinifuata. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Nitaandika kwenye muhtasari sababu ya wewe kujitoa. Itakaa kwenye kumbukumbu. Hilo naliweza."

Sijawahi kumshukuru mtu kama nilivyomshukuru. Nilipiga goti, hapo hapo kwenye kizingiti cha hoteli, na gauni langu la kanisani. Nilihesabu: muhtasari una saini ya jaji mkuu, una mhuri wa waandaaji. Sio barua ya mwajiri, lakini ni karatasi, na imesema.

Baada ya wiki moja mama wa miwani alikuja dukani na muhtasari ulioandikwa kwa mkono, uchapwe na ubanwe nakala thelathini. Alikwepa macho yangu. Nikaujua mwandiko kabla sijasoma neno. Herufi zimelala upande mmoja, nzuri kama kawaida. Nilianza nyuma. Mstari wa pili kutoka mwisho:

Jaji mmoja alijitoa kwa sababu binafsi.

Nilikaa na ile karatasi mpaka mwenye duka akauliza kama kompyuta imegoma. Nikamwambia hapana. Kompyuta ilikuwa mbele yangu na mikono ilikuwa yangu. Ningeweza kuongeza mstari mmoja, ukatoka mara thelathini, ukabanwa, ukagawiwa. Nilianza kuuandika. Niliandika jina lake lote, la kwake na la baba yake, likawa linawaka pale kwenye kioo. Halafu nikaona kwamba hiyo itakuwa karatasi ya nne ya uongo kuhusu mume wangu, kwa sababu mzee hakuyasema hayo, nimeyasema mimi na kumtilia mdomoni. Nikafuta herufi moja moja. Nikachapa: sababu binafsi. Nikalipwa kwa ukurasa.

Sina msamaha kwa yule mzee. Wakala ni mwizi, namjua ni mwizi. Bwana wa shati jeupe analipwa kusema. Lakini mzee alinifundisha pa kuangalia.

Nakala ya kitabu cha kiwanda nilikuwa nayo. Niliiweka kwenye mkoba siku ile natoka na hakuna aliyeniuliza. Nilifotokopi ukurasa wa tisa na wa sitini na moja, nikapeleka ofisi ya fidia. Dada wa dirishani ananijua, tumeshazoeana.

"Leo umepata?" akauliza.

"Nimepata. Soma hapo chini."

Akasoma. Akageuza nyuma ya karatasi, peupe. Akasoma tena, akatafuta juu, akatafuta pembeni.

"Ni huyu kweli?"

"Ni huyu."

"Sasa jina lake liko wapi, dada'angu?"

Jumamosi nikamchukua mtoto tukaenda Butiama. Mama mkwe wangu nilimkuta nyuma ya nyumba, juu ya lile jiwe pana, anageuza muhogo alioanika. Alishaambiwa kwa simu kuwa kuna kitabu. Alikuwa amevaa kitenge kipya, amejifunga kilemba kama anakwenda kwenye kikao. Akajifuta unga mikononi, akanitengea nafasi kwenye jiwe.

"Mkamwana, leta hiyo kitabu nione."

Nikampa. Akalipapasa jalada, ile karatasi inayoteleza. Akaangalia viganja na pamba. Hajui kusoma, lakini alikigeuza kurasa kwa heshima, moja moja, mpaka nikamwonyesha ulipo mstari. Akaweka kidole pale.

"Ndio hapa wamemwandika?"

"Hapo, mama."

"Nisomee."

Nikamsomea. Matengenezo ya mashine ya kufunga marobota namba mbili, pamoja na gharama zinazohusiana na tukio, mtu wa tatu. Akasema rudia. Nikarudia. Mtoto alikuwa anakimbiza kuku kutoka kwenye muhogo. Mama mkwe alisikiliza mara ya pili kichwa amekiinamisha, kama anayesikiliza mtu anayeongea kutoka chumba kingine.

"Wa tatu," akasema. "Mimi nilimzaaga wa kwanza."

"Ndiyo, mama."

"Na hiyo mashine. Wanasema waliitengeneza?"

"Waliitengeneza."

"Ikapona?"

Nikatafuta kwenye kitabu. Kulikuwa na sentensi, ukurasa wa kumi na mbili, kwamba mashine zote zimerudi katika hali nzuri na msimu ujao zitafanya kazi kwa uwezo wake wote. Nikamwambia, "Ilipona, mama."

Akaondoa kidole kwenye ule mstari. Akakifunga kitabu, akaweka jiwe dogo juu yake upepo usikifungue, akarudi kugeuza muhogo wake.